Vitone Thelathini Vyenye Adabu

...maana vitone havikai hivi, havijawahi kukaa hivi tangu aanze kuvichora miaka kumi na minane iliyopita, vitone ni kama ndugu wa bwana harusi wanaopangwa kupigwa picha, ukiwaambia wanyooke watanyooka, lakini yupo atakayetokeza tumbo, yupo atakayerudi nusu hatua nyuma kumwangalia mtu, na wale wa pembeni kabisa hawapangiki, hata mpiga picha awapigie magoti, na mkaguzi, ambaye amekaa kwenye kiti chake kile chenye gurudumu moja lililokufa, kalamu mkononi, kifuniko cha kalamu mdomoni, hajasaini, anaviangalia vitone thelathini vilivyopanda kutoka kona ya chini kushoto hadi kona ya juu kulia kama wanafunzi siku ya ugeni wa waziri, hakuna anayekohoa, hakuna anayejikuna, na shemeji yake, mume wa dada yake mkubwa, ambaye ndiye mpimaji wa kiwanda na ndiye aliyeleta karatasi hii, amesimama mlangoni, bega kwenye fremu, anaeleza kwamba lori limeshapakiwa, mikanda mia nane, kimebaki cheti tu, "na yule dereva, shemeji, ukimweka zaidi ya dakika kumi anasinzia, na akishasinzia yule hata ukimmwagia maji anageuza upande," mm, anasema mkaguzi, mm ya mtu anayesikiliza, lakini hasikilizi, anatafuta hata kitone kimoja kilichokosea, kimoja tu, cha tatu pale, la, kimekaa juu ya mstari kama nzi juu ya waya, cha kumi na tisa, la, naye akifundisha vijana huwa anawaambia chukueni penseli nene, ilazeni juu ya vitone, ikivificha vyote mambo ni shwari, hakuna haja ya hesabu kubwa, na wanacheka, maana anawaambia pia kwamba bosi akitaka shehena ipite tafuteni mpini wa fagio, lakini leo penseli ya nini, leo hata unywele ungetosha, ungechomoa mmoja kichwani ukaulaza pale ungevificha vyote thelathini na unywele ukabaki... na si kwamba mstari ulionyooka ni kosa, hapana, mstari ulionyooka ndio tunaoutaka, ndio tunaouombea, unatoa mikanda thelathini katika kila shehena, mikanda hii ya usalama wanayojifunga wapaka rangi wa maghorofa na mafundi wa nguzo za umeme, unaivuta kwenye mashine mmoja mmoja mpaka ukatike, mshale unakuambia umekatikia kilo ngapi, unaandika, kisha unazipanga namba kuanzia ndogo mpaka kubwa, unazichora kwenye karatasi ya uwezekano, karatasi ambayo mistari yake imebanana katikati na kuachana kwenye ncha kama kinanda kilichovutwa na mlevi, na hiyo ndiyo hila yake, imebanwa na kuvutwa kwa kipimo ili namba zinazofuata umbo la kengele, nyingi katikati na chache pembeni, zinyooke, na zile zisizolifuata zipinde, ziweke kiwiko, zining'inize mkia, basi, jicho la mtu yeyote linaona, na zikinyooka unapiga mstari, unaushusha mpaka chini kabisa ambako hakuna kitone, na mstari unakusemea mkanda ambao hukuuvuta, ule mmoja katika elfu moja, mnyonge kuliko wote, kwamba utakatikia wapi, na huu wa leo unasema kilo elfu mbili na hamsini, na kiwango ni elfu mbili, safi, saini, nenda ukanywe chai... "na kapakia mwenyewe, peke yake, mimi namhesabia tu," anasema shemeji, "mgongo wake si wa kawaida yule," mm.

Sasa mbona kalamu haishuki, kwa sababu kitone cha kwanza, namba ndogo kuliko zote, elfu mbili mia moja arobaini na saba, kimekaa pale hasa ambapo mstari ungekitaka kikae, si kilo tano pembeni, si kilo mbili, pale, na kitone cha kwanza katika karatasi yoyote iliyowahi kupita mezani pake ni mhuni, kinakuwa juu, kinakuwa chini, hakina nidhamu, maana ni bahati ya mkanda mmoja tu mnyonge ulioangukia kwenye thelathini zako, ungechukua thelathini nyingine kingehamia kwingine, hiyo ndiyo tabia yake, na cha mwisho vilevile, na hawa wawili leo wameketi mikono juu ya mapaja, kwa hiyo mtu hakuvipata vitone kisha akapiga mstari, mtu alipiga mstari kwanza, kisha akapita juu yake kwa zamu, nafasi ya kwanza, nafasi ya pili, anashuka chini kusoma kilo, anaandika, akimaliza anazichanganya ili daftari la majaribio lionekane la kweli, kazi ya kinyumenyume, kazi nadhifu, na katika kiwanda hiki wanaoijua karatasi hii kiasi cha kuiendesha kinyumenyume ni wawili, mmoja kaketi na mmoja kasimama mlangoni... na aliyemfundisha aliyesimama ni aliyeketi, subiri, lakini aliyemfundisha aliyeketi kila kitu kingine ni aliyesimama, baba alipofariki mkaguzi alikuwa na miaka kumi na mitano na masikio makubwa, dada ana miezi minne ya ndoa, na bwana huyu, ambaye hakuoa mtoto wa miaka kumi na mitano, alioa msichana wa watu, akamkuta na mzigo wenye masikio, akasema kochi la sebuleni ni lake, atalala hapo mpaka atakapotaka mwenyewe, naye akataka miaka sita, bwana akapita sebule yake mwenyewe kwa kunyata miaka sita ili asimwamshe, kisha akamleta hapa, kufagia chumba cha mashine, akamwonyesha namna mkanda unavyolia kabla ya kukatika, "sikiliza, dogo, unalalamika kwanza, kama mwanadamu," halafu mkaguzi akaenda chuo akarudi na karatasi zake na mahesabu na suruali ya kupiga pasi, akawa mkubwa wa mtu aliyempa kochi, na yule mtu akakaa mstari wa mbele darasani na daftari jipya, hakununa, hakusema mtoto huyu, aliuliza tu maswali, na mwezi ule wa kwanza karatasi yake ikatoka na kiwiko, vitone tisa vya chini vimelala upande mmoja na vingine vimesimama upande mwingine, akaileta mwenyewe akisema, "shemeji, hapa kuna mikanda ya mama wawili," na kweli, wakachimba, uzi ulikuwa umetoka kwa wauzaji wawili, wa pili ulikuwa takataka, shehena ikazuiwa, kiwiko kile kiliokoa watu ambao hata leo hawajui kwamba waliokolewa, hawatajua, wako juu ya ngazi mahali wanapaka rangi wanapiga miluzi... "umenisikia," anasema shemeji, nimekusikia, anasema mkaguzi, mgongo wa dereva, "hayo ya mgongo nimeyamaliza, nasema yule karani wa ghala ananuna, anasema cheti kikichelewa lawama zake," mm, mwambie alaumu.

Na baada ya kiwiko kile, mkaguzi alifanya nini, badala ya kukitundika ukutani kile kiwiko chenye heshima, hakukitundika, alianzisha mashindano, Mungu amsamehe, alisimama mbele ya watu kwenye ukumbi wa chakula, maana haachi nafasi ya kusimama mbele ya watu ipite, akatangaza kwamba kila mwezi karatasi yenye mstari ulionyooka kuliko zote itabandikwa kwenye ubao na mpimaji wake atapewa chupa ya chai, akatembea kama mwanamitindo akiwa ameishika chupa kifuani, ukumbi ukavunjika mbavu, yeye mwenyewe akavunjika mbavu, na hakuna aliyeinua mkono kuuliza mkuu, kunyooka kwa mstari ni juhudi ya mpimaji au ni tabia ya mkanda, maana ni tabia ya mkanda, mpimaji hana lake, ni sawa na kumpa zawadi daktari ambaye wagonjwa wake wana joto zuri, kesho yake wote watakuwa na joto zuri, atayaandika mwenyewe... na miezi mitano mfululizo mshindi ni shemeji, nyumbani kwa dada kuna chupa tano, moja anawekea maharage, na kila mwezi mkaguzi alimkabidhi kwa hotuba, anamwita profesa, anamwita mzee wa rula, shemeji anacheka kidogo, anaangalia chini, na mkaguzi alidhani ni haya ya ushindi, hebu fikiria, miezi mitano, basi ni shehena tano, si hii moja, hii haijaondoka hata, hii iko kwenye lori na dereva wake, zile tano zimeshaondoka, ziko viunoni mwa watu, na kila moja ina cheti, na kila cheti kina saini yenye mkia mrefu wa madaha, saini ya nani... hasira inampanda, ndiyo, hasira ya kweli, huyu mtu kakaa chumba cha mashine anajinywea chai ya zawadi huku mashine imelala, anabuni namba kama mwandishi wa tamthilia, uvivu, uzeeni ndio kaanza uvivu, amebakiza wiki nane astaafu akaona ya nini kusumbuka... ila hapana. Ila pipa. Asubuhi alipita chumba cha mashine, akaliona pipa la mabaki, pipa lile la bluu, lilikuwa limejaa, mikanda iliyokatika, ncha zimechanua kama ufagio, kila mmoja umefungwa kikaratasi chenye namba yake, moja mpaka thelathini, na mkanda haukatiki hivyo kwa mkasi, mkanda unachanua hivyo kwa kuvutwa tu, kwa hiyo ilivutwa, yote thelathini, mtu alifunga mmoja mmoja, akavuta, akasikiliza ukilia, ukakatika, akautoa, akaufunga kikaratasi, nusu siku ya kazi ya jasho, kisha akakaa akabuni namba, na hakuna mvivu duniani anayefanya kazi yote ngumu akaacha ile nyepesi, kuvuta ndiko kugumu, kusoma ni kusoma, kuna mshale mwekundu uliowekwa kwa makusudi kabisa, unaobaki palepale mkanda ulipokatikia, haurudi, unakusubiri, hata ukienda kujisaidia utaukuta, unainua macho unausoma...

Unainua macho. Saa ya mashine, ile yenye mshale wa kilo, iko juu ukutani, nyuma ya wavu, na mpimaji anasimama hatua tatu nje ya wavu kwa sababu mkanda ukikatika unachapa kama mjeledi, ndiyo kanuni, na karatasi unaweza kuileta mpaka puani, unaweza kuichora huku ndevu zinaifagia, lakini saa ya mashine huwezi kuileta puani, labda upande ngazi mara thelathini mbele ya vijana... na mkaguzi anainua macho yake sasa, kwa mara ya kwanza tangu karatasi iwekwe mezani, anamwangalia shemeji, na shemeji naye anamwangalia, dirisha liko wazi, mwanga wa saa tano umejaa chumba kizima, kalamu iko hewani, haijagusa kitu, iko sawa na kidevu cha mkaguzi kama fimbo ya mtu anayetaka kuongoza kwaya, na shemeji, huku ameielekezea kalamu ile uso moja kwa moja, anauliza kwa upole, "umeshasaini?" ...bado kidogo, anasema mkaguzi, "mm, basi maliza," anasema shemeji, anarudi kwa dereva wake, anasema alimkuta amelala juu ya marobota mdomo wazi... umeshasaini, kutoka mlangoni mpaka mezani ni hatua tatu, hatua zilezile tatu, na vitu vinaanza kuja mbio vyenyewe, karani wa mapokezi aliyelalamika kwamba shemeji yako siku hizi ana maringo, unampungia mkono anapita kama hujazaliwa, na Jumapili ile mezani kwa dada, shemeji akimimina chai juu ya sinia, pembeni kabisa ya kikombe, akasema kikombe hiki kidogo, na meza nzima ikaangua kicheko, na nani alicheka zaidi, nani alisimama akachukua birika akaigiza, akamimina hewani, akamimina begani kwa mpwa wake, watoto wakagaagaa chini, shemeji akafuta sinia kwa kitambaa, taratibu, akakosa sehemu moja, na dada, dada yake mwenyewe, na uzee wake ule, akijisifu jikoni, "shemeji yako siku hizi tukivuka barabara ananishika mkono, mapenzi yamerudi," naye akamtania kwamba waangalie wasije wakaleta mtoto mwingine, mkono, anashikwa mkono avushwe, na dada hajui, au anajua, hapana, dada angejua angesema, dada hana siri, dada siri ikimkaa usiku mmoja anaumwa kichwa... kwa hiyo hakumwambia mkewe, hakumwambia mtu, maana kanuni imebandikwa mlangoni kwenye chumba cha mashine, asiyeweza kusoma mshale kutoka kwenye alama ya njano haruhusiwi kuingia, na saini iliyo chini ya kanuni ina mkia mrefu wa madaha, na hata bila kanuni, angemwambia nani, angekuja hapa, angesimama palepale aliposimama, aseme shemeji, macho yangu, na mkaguzi angefanya nini dakika ile ya kwanza, kabla ya huruma, kabla ya akili, anajijua, angefanya utani, angeinua vidole viwili akauliza hivi vingapi.

Anatoa kifuniko mdomoni. Sasa, tunaweza kufanya hivi, na mkono tayari umeacha kalamu umeshika penseli, kitone cha nne kivutwe kushoto kilo kumi na tatu, cha kumi na saba kulia saba, cha kwanza kishuke kidogo, kitokeze tumbo, cha mwisho kirudi nyuma, na daftari lirekebishwe lilingane, dakika tano tu, yeye ni fundi kuliko shemeji, shemeji hakujua kwamba ukweli una mitetemeko yake, kwamba namba za kweli huyumba, alidhani kunyooka ndiko kusema kweli kwa sababu hivyo ndivyo alivyopewa chupa, lakini mkaguzi anajua kuyumbisha, angeyumbisha vizuri mpaka hata aliyebuni karatasi hii angepita akasema huu ndio uaminifu, wiki nane zingepita, keki ingekatwa, hotuba angeitoa yeye, na mikanda... mikanda mia nane ya leo haijulikani ikoje, huo ndio ukweli wake wote, si kwamba ni mibovu, haijulikani, labda mizuri sana, labda kuna kiwiko mle ndani kikubwa kama mlango, labda yule muuzaji wa pili karudi kwa jina jingine, mashine ilisema, mshale mwekundu ulisimama mara thelathini ukangojea, na hakuna aliyeuona, na mara mia moja na hamsini kabla ya hapo, na fundi fulani sasa hivi yuko juu ya nguzo, ameegemea mkanda wake kwa uzito wote, mikono yote miwili iko kwenye waya, haegemei mkanda, anaegemea saini... penseli inarudi mezani, na haikuwekwa kwa ushujaa wowote, imeachwa tu, imebingirika mpaka kwenye daftari ikasimama, akiba zipo, kila shehena huachwa mikanda kumi ya akiba kwenye kabati la chini, shehena sita, mikanda sitini, ni kazi ya leo na kesho, kumi si thelathini lakini kumi za kweli zinaonyesha kiwiko kama kipo, na shehena zile tano zisimamishwe leo, simu zipigwe kabla ya chakula cha mchana, watu washuke kwenye nguzo, washuke tu, watukane kidogo, wangoje, na barua iende juu, na katika barua atasema nini kuhusu macho ya mtu, atasema lililopo, kwamba mpimaji alivuta yote na hakuweza kusoma, na akaficha, na kabla ya hapo, mstari wa kwanza kabisa, atasema mkaguzi aliweka zawadi kwa jibu alilolitaka na akasaini mara tano bila kuinua macho, sijui wataamua nini, wiki nane hizo zinaweza kuwa wiki mbili, zinaweza kuwa leo, na kazi yake yeye pia, na dada ataambiwa na nani, jamani, dada... "kwa hiyo nikamwambia, dereva, funga mdomo, nzi wataingia," anasema shemeji mlangoni, bega bado liko kwenye fremu, na mkaguzi anaona sasa kwamba bega lile haliegemei kwa uvivu, limeigusa fremu kama mtu anavyogusa ukuta kwenye nyumba ngeni, "akafumbua jicho moja, akaniambia, mzee, nzi wenyewe wamelala," na hapo, kwa kawaida, mkaguzi angemdakia, ana jibu tayari, ana majibu matatu, analiona la tatu likimng'aria, na analiacha lipite, anamwacha shemeji amalizie kicheko chake kidogo mpaka mwisho, karatasi iko mezani kama ilivyokuwa, cheti ni cheupe mahali pa saini, nje lori limezimwa, na kicheko kile kikishaisha atasimama, atakwenda mpaka pale karibu, karibu kiasi cha kuonekana, na atamwambia kwa sauti ya kawaida, shemeji, twende chumba cha mashine, kuna mikanda sitini, wewe utavuta, mimi nitasoma.